Sabuni ya Bi Harusi wa Keko

Hamisa, mke mwenzangu,

Wali umo chunguni, nimeufunika. Kuku wasiingie ndani. Zile sabuni nyingine usizikate wala usimuuzie mtu, hata akikulilia.

Ulipokwenda kisimani asubuhi alikuja mama wa bi harusi wa Keko, kipande cha sabuni yako kakifunga kwenye kanga. Binti yake kaoga nayo jana, kifua na mikono vimebabuka, na harusi ni Alhamisi. "Bi Tabu, mmempika mwanangu?" Nikaigusa kwa ncha ya ulimi, ikaniuma. Magadi bado makali, mjukuu wangu. Siku zote tunaiacha darini mpaka mwezi mwingine uandame. Wewe umeishusha mapema, kwa kuwa umeacha kazi ya uyaya kwa Mzungu na sasa sabuni ndiyo kila kitu. Ulipokuwa ukiipika Jumapili tu hukuwa na pupa hii.

~~Kesho rudi kwa memsahibu wako ukamwombe~~

Usiende. Nimefuta.

Nilimwambia mama yule kwamba niliyeipika ni mimi. Kanitukana majirani wakisikia. Sasa nakwenda kumpaka binti mafuta ya nazi, na nitalala huko mpaka ngozi itulie. Lakini usijifiche nyuma ya kizee. Ukishakula, vaa buibui lako uje, umwambie mama yule kwa kinywa chako nani kaipika. Ukitaka kazi hii iwe yako, na matusi yake ni yako.

Nakungoja.

Bibi yako