Hita ya Gesi Kutoka Butembo

Jumamosi, 1 Septemba 2018

Mdachi na mke wake wameondoka. Siku tatu wamelala ndani ya gari letu kule juu mlimani, Kyondo, siku zote tatu baridi. Mama yule alisema upepo unaingia madirishani na mume wake alilala na koti. Hakugomba. Alisema kwa upole — ndiyo maana imeniuma zaidi. Maate ameona walichoandika kwenye intaneti: gari safi, chakula kizuri, baridi kali.

Gari ni letu wawili, mimi na Maate. Ni basi dogo, Haisi kuukuu. Tulitoa viti, tukaweka kitanda, jiko dogo, mapazia. Wageni wanaliita kempa. Maate anatafuta wageni na kuwaonyesha ndege wa milimani, mimi naendesha na kutengeneza.

Wengine wanakuja tarehe ishirini na moja. Maate kaniambia, "Haji, mambo ya gari iko kwako. Tafuta hita. Ile utachagua, mimi nakubali." Ananiita Haji ingawa Maka sijafika; jina langu ni Wahab.

Jumatatu, 3 Septemba

Nimeulizia hita Kasese nzima. Watu wananishangaa. Hita, kwa joto hili?

Maate alitaka jiko la makaa. Nilikataa palepale. Nilipokuwa naendesha trela ya Mombasa niliona madereva wawili wakitolewa kwenye kabini pale Timboroa, asubuhi. Baridi iliwafanya walale na jiko. Walikuwa kama wamesinzia tu. Hiyo sisahau.

Ya umeme — betri itakufa kabla ya alfajiri.

Ya dizeli anaweza kuiagiza Danieri, muuza vipuri wa Kampala. Amenieleza kwa simu. Moto unawaka ndani ya kisanduku chake, hewa inavutwa kutoka chini ya gari, moshi unatoka nje kwa bomba. Ndani linaingia joto tupu. Hiyo ndiyo yenyewe. Lakini ni shilingi milioni moja na laki mbili, na mpaka ifike ni wiki nne. Tena lazima nitoboe sakafu.

Naimah kasema, "Wape mablanketi mazito na chupa za maji ya moto. Sisi tumekua hivyo." Nikamcheka. Mke wangu hajui wageni wanataka nini.

Alhamisi, 6 Septemba

Kutwa nzima nilikuwa na gari. Nimeziba madirisha yote kwa mpira mpya. Tundu la hewa la paani linavuja mvua — nalo nimeliziba kwa gundi. Limebaki dirisha moja tu linalofunguka, karibu na kitanda. Nilikaa ndani, nikafunga mlango. Kimya kabisa. Nilijisifu.

Ijumaa, 7 Septemba

Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko. Nilikwenda na Night, mpishi wetu, anunue sufuria. Ni binti wa Loyi wa Karusandara, Mama Loyi kama tunavyomwita, ana miaka ishirini na mbili, mchapakazi, anaimba akikatakata vitunguu. Mpakani kila mtu ananawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto kwenye paji la uso. Ebola iko upande wa pili, Beni. Watu hawapeani tena mikono.

Nimepata hita! Ya gesi, imetumika kidogo, imetoka Butembo. Ina vigae vitatu, vinawaka vyekundu mara moja. Laki mbili na nusu. Mwuzaji ni Mkongo, Papa Blasio. Alisema, "Papa, hii iko muzuri. Kwetu Butembo kuko baridi, batu banaitumia. Lakini dirisha uache wazi kidogo. Usifunge yote. Unasikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Nimempigia Danieri asiagize ile ya dizeli. Maate kauliza kama hii ya gesi ni salama. Nikajibu, "Wakongo wanalala nayo." Akaridhika. Anaamini ninachosema kuhusu magari.

Jumamosi, 8 Septemba

Hili nathubutu kuliandika kwa sababu Naimah hasomi Kiswahili.

Baada ya adhuhuri mvua ilinyesha. Nikaingia kwenye gari, nikafunga kila kitu, nikawasha hita nione joto linakaa vipi. Joto zuri. Nikalala. Niliamka kichwa kinagonga kama nyundo. Nilifungua mlango kwa shida, nikatapika kando ya tairi. Naimah alikuja mbio. Nikamwambia ni maharagwe ya jana.

Si maharagwe. Najua si maharagwe. Moto ule unakula hewa ya mtu.

Lakini niliziba mno, basi. Wageni nitawaambia waache dirisha wazi. Nitaandika karatasi, niibandike. Nikimwambia Maate sasa, ataniuliza kwa nini nilimkataza Danieri. Wageni wanakaribia kuja. Nitaandika karatasi.

Jumatatu, 10 Septemba

Kyondo. Tumepanda leo kujaribu gari kabla ya wageni — mimi, Maate na Night. Karatasi sijaandika.

Mvua, ukungu, baridi ya kuingia mifupani. Tumekula kwa mjomba wake Maate. Nyumbani kwake kuna nafasi ya wanaume wawili tu, basi Maate akasema Night alale kwenye gari. "Leo wewe ndiyo mzungu wetu." Night alifurahi sana. Alisema hajawahi kulala kwenye kitanda kizuri hivyo.

Nilimwonyesha kuwasha hita. Maate alikuwa amesimama hapohapo mlangoni, ananyoosha mikono kwenye joto, ananisifu. Nilitaka kusema neno la dirisha. Nilijua Maate angeuliza, "Kwa nini? Kuna nini?" Nikasema tu, "Ukisikia joto sana, fungua." Night akasema, "Joto sana, kaka Wahab? Mvua hii?" Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka.

Nakwenda kulala. Nitaamka mapema.

Jumanne, 11 Septemba

Sikuamka mapema.

Saa moja asubuhi Maate aligonga gari, hakujibiwa. Akaniita. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke, maji yanatiririka kwa ndani. Nilipoona vile vioo nikajua kila kitu. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Night alikuwa amelala nusu kitandani, nusu chini. Ametapika. Macho wazi, lakini hakuniona. Nilimwita, akatoa sauti tu. Hita ilikuwa imezimika yenyewe, silinda ya gesi imekwisha. Nadhani hiyo ndiyo iliyomwokoa. Si mimi.

Maate alikimbia kuita watu. Nikambeba Night hadi nje, nikamlaza kwenye majani. Halafu — niandike. Nilirudi ndani, nikaichukua hita, nikaificha kwenye sanduku la vifaa. Msichana amelala majanini, mimi naficha hita. Maate aliporudi milango yote ilikuwa wazi. Alidhani nimeifungua ili tumpakie.

Nikaendesha kuteremka hadi hospitali, Kisinga. Sijui nilipitaje zile kona.

Getini walitunawisha, wakatupima joto. Sista aliyevaa barakoa aliuliza ameanza lini kutapika, amekula nini, wiki hii amefika wapi. Maate akajibu, "Ijumaa alikuwa Bwera, sokoni." Hapohapo wakarudi nyuma hatua mbili, wote. Wakaja wengine wenye nguo za kujifunika mwili mzima. Wakampeleka kwenye chumba cha peke yake. Damu yake inapelekwa kupimwa Ebola.

Kisha sista akaniuliza mimi peke yangu, kando. "Mzee, ndani ya gari kulikuwa na jiko la makaa?"

"Hapana, sista."

Kweli. Halikuwa jiko la makaa.

Jumatano, 12 Septemba

Tumeambiwa tukae nyumbani mpaka majibu yatoke. Tunapimwa joto asubuhi na jioni. Naimah amewapeleka watoto kwa dada yake, kisha akarudi mwenyewe. Hakusema kwa nini amerudi.

Mama Loyi amenipigia simu mara nne. Jana alifika hospitali kwa pikipiki ya boda kutoka Karusandara na nguo za Night kwenye beseni. Hawakumruhusu kuingia. Amelala nje ya uzio na wenzake wenye wagonjwa, lakini wenzake waliposikia ni mgonjwa wa chumba kile, wakahamisha mikeka. Nyumbani ni hivyohivyo. Jirani amemkataza mdogo wake Night kuchota maji kisimani.

Kila akipiga ananishukuru. "Wasingya, Wahab. Wasingya, mwanangu. Daktari anasema ungechelewa kidogo tu, ningezika." Nimejibu ni kazi ya Mungu. Mdomo wangu ulisema hivyo.

Jioni Naimah aliweka chai mezani, akakaa mbele yangu. "Siku ile ulipotapika kando ya gari, ilikuwa ni maharagwe?" Nikasema ndiyo. Aliniangalia mpaka chai ikapoa. Kisha akaondoa vikombe.

Alhamisi, 13 Septemba

Majibu. Si Ebola. Night amehamishiwa wodi ya kawaida, na sisi tumeachiwa. Maate alinipigia akipiga kelele za furaha. Nikasema alhamdulillahi, nikatoka nje, nikakaa chini.

Nilidhani imekwisha. Saa nane Mama Loyi akapiga, sauti yake ndogo. Night anamwita Naome. Naome ni dada yake Loyi aliyekufa mwaka juzi. Hajui leo ni siku gani. Alipewa kikombe akamwaga, alishindwa kufunga vifungo vya gauni. Madaktari hawaelewi. Wameuliza tena kama alikunywa sumu, kama ana ugomvi na mtu. Loyi akasema, "Mwanangu na ugomvi? Nani wa kumwekea sumu?" Halafu akaniambia polepole anamfikiria mke wa mjomba wake Maate. Ndiye aliyepika siku ile. Kesho anataka kumtoa Night hospitali, ampeleke kuombewa.

Nikasema, "Mama, usimtoe. Ngoja kwanza." Akauliza ningoje nini.

Nilikwenda kwa Maate. Alikuwa akiosha viatu vyake vya mlimani. Nikaanza kumwambia. Hita, madirisha, tundu la paani. Mwanzoni alinitetea. "Haji, ajali ni ajali. Wewe ungejuaje?"

Nikamwambia habari ya Jumamosi. Kwamba nililala humo mimi mwenyewe, nikatapika.

Akaweka kiatu chini. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na tulikuwa tumesimama pale wote watatu."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Hakutoka.

Ijumaa, 14 Septemba

Kisinga. Naandika nimekaa kwenye benchi la hospitali, mikono ipate kazi.

Niliondoka baada ya alfajiri. Naimah hakuuliza ninakwenda wapi. Alinifungulia geti. Nikamwambia, "Hayakuwa maharagwe." Akasema, "Nenda."

Nilimpata sista yuleyule. Leo hana barakoa, nimeona ni mtu mzima kuliko nilivyodhani, ana mvi. Nikamwambia, "Sista, Jumanne uliniuliza kuhusu jiko la makaa. Kulikuwa na hita ya gesi. Gari limezibwa lote. Nililiziba mimi."

Akaacha kuandika. Aliuliza aliiwasha saa ngapi, ilizimika saa ngapi, alikuwa na hali gani nilipofungua. Nikajibu kila kitu. Hakunikaripia. Mwisho akauliza, "Siku tatu, mzee. Tungejua Jumanne tungempa oksijeni tangu mlangoni. Kwa nini hukusema?"

Nikasema niliogopa.

"Uliogopa nini?"

Nilianza kusema wageni, na gari, na Maate. Kila nilichotaja kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka. Akasema, "Usiondoke hapo," akaenda kumtafuta daktari.

Mama Loyi alikuwa akifua nyuma ya wodi. Aliponiona alikuja mbio na mikono imejaa povu. Amekonda kwa siku nne hizi. Nguo za Night amekwisha kuzifunga kwenye kitambaa, tayari kwa safari. Nikamwambia, "Mama, keti kwanza, nina neno." Akasema, "Utaniambia ukishakula. Uso wako umekuwa wa mgonjwa." Akanimiminia uji kutoka kwenye chupa yake, uji wa Night ambao Night hakuumaliza. Nimeshindwa kuukataa. Ameketi karibu nami. Ananisimulia kwamba leo asubuhi Night alimtambua, halafu akamsahau tena. Anasema, "Lakini alikuuliza wewe. Alisema, kaka Wahab amefungua?" Loyi hajui maana yake. Anadhani ni homa inazungumza.

Nilisema, "Mama Loyi."

Akasema, "Kunywa, mwanangu."

Daktari ametokea. Yuko nyuma ya kioo cha ofisi, sista anamweleza. Wanaita mtu mwingine. Mmoja amepita mbio anasukuma mtungi mrefu wa hewa kuelekea wodini. Loyi amesimama kuangalia mtungi unapelekwa kitanda gani. Sasa sista amenyoosha kidole huku, kwenye benchi letu. Daktari ananitazama.

Loyi ameona. Amegeuka kwangu, anafuta mikono kwenye leso yake. "Wahab," ameniuliza, "mbona wanakuangalia wewe?"