Mizizi ya Vidole vya Mama

Mama mkwe,

Leo asubuhi umefunga vifungo vyote mwenyewe, nami nimebaki nimesimama mikono mitupu kama mgeni asiyealikwa.

Mizizi ya Kichina ya baridi yabisi iko kwenye sufuria. ~~Loweka vidole.~~ Iache. Jana muuzaji alinicheka niliposema tunalowekea vidole: "Binti, hii ni ya kunywa." Aliponielekeza mara ya kwanza niliona haya kuuliza, nikaitikia kwa kichwa kama daktari. Usiinywe, mpaka nesi ailinganishe na vidonge vyako vya presha.

Chai iko kwenye chupa. Usijisifu ukiifungua, kifuniko nimekilegeza.

Labda yaliyokusaidia ni maji ya moto tu. Jioni tuloweke vidole kwenye hayohayo. Napenda kukukanda mikono, Mama. Sijawahi kukuambia.

Mkaza mwanao