Sweta Kutoka Timau

Nchiru, 4 Juni 2001

Mama mpendwa,

Habari za Timau? Baridi haijawazidi? Mimi ni mzima, ila nimechoka hadi nataka kulia. Sweta uliyonifumia nimeipata, asante. Naivaa kila siku katika chumba cha panya.

Hao panya wamenishinda. Nusu yao tuliwatoa vile vinundu vya kunusia vilivyo mbele ya ubongo. Nusu tuliwapasua na kuwashona tu, pua zao ni nzima. Nikipima damu, waliotolewa ndio wanaopaswa kuwa na homoni nyingi ya wasiwasi. Sasa wote wamepanda sawasawa! Msimamizi wangu, Daktari Muthamia, amesema nisipopata matokeo ya maana kufikia Agosti, shahada nisahau.

Niombee.
Binti yako, Lydiah

Timau, 11 Juni

Mwanangu Lydiah,

Salamu nyingi. Sisi tupo tu. Baba yako amenuna kwa sababu nimeunguza githeri tena, mara ya tatu wiki hii. Usingizi nao umenihama, na kitu kidogo tu kinanikasirisha. Haya, miaka yote hiyo ya shule ni ya kupasua panya? Kama bado unasikia baridi, nitakufumia soksi.

Ni mimi mama yako

Nchiru, 25 Juni

Mama,

Natumaini hamjambo. Tafadhali usinitumie soksi!

Kivuti, anayelisha panya wetu, ameinusa sweta yangu akashtuka: "Wee Lydiah, hii ni mkojo wa paka!" Mama, paka wako alilala kwenye kikapu cha sufi, tena akakojoa. Panya wenye pua nzima wameishi wiki tatu wakidhani paka yuko mlangoni. Ndiyo maana homoni imepanda. Mimi nilidhani ni harufu ya nyumbani. Lakini wewe uliishika mwezi mzima! Ulishindwaje kuifua? Kazi yangu yote imeharibika.

Lydiah

Timau, 30 Julai

Mwanangu,

U mzima? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, halafu nikaona haya.

Tangu ile homa ya mwaka jana sisikii harufu ya kitu chochote. Maziwa nayaonja ndipo nijue kama yameharibika. Githeri ikiungua, naambiwa na mtu anayetoka shambani. Nilinyamaza, maana baba yako angesema nimezeeka. Ile sweta niliiweka usoni kabla ya kuifunga, nikijaribu kupata hiyo harufu ya nyumbani. Sikupata kitu.

Nisamehe. Nina swali moja. Hao panya uliowatoa vinundu vya kunusia, baadaye hutulia?

Mama yako, Celina

Nchiru, 4 Agosti

Mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Daktari Muthamia amekataa kuniongezea muda. Nina hasira mpaka kichwa kinaniuma, lakini si juu yako.

Uliuliza kama hao panya hutulia. Wiki ya tatu tunawaua wote ili tupate damu ya mwisho. Hakuna aliyewahi kungoja kuona kama watatulia.

Miaka miwili nimeandika juu ya kiumbe aliyepoteza harufu, halafu wewe ukaniambia githeri inaungua na usingizi umekuhama, nami nikakujibu habari za soksi. Nakuja Jumamosi ijayo. Ukibandika sufuria, nitakaa jikoni na wewe, ninuse mimi.

Binti yako, Lydiah