Kombe Chungu la Salme

Jumatatu, 7 Mei 1979
Salme mgonjwa. Homa imemshika tangu arudi arusini Mombasa, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Muhiba, bintiye, kaleta vidonge vya klorokwini kutoka kliniki. Salme kavitupa chini! Kasema dawa chungu zamtapisha, kaka yake yupo, aandikiwe kombe.

Kaka ndiye mimi. Majengo nzima nani ana mkono kama wangu? Watu hunifuata toka Kariokor! Nimeloweka zafarani kwa marashi ya waridi, nikaandika aya sahani nzima, nikamimina maji. Herufi zote zikayeyuka, maji yakawa manjano safi. Kanywa yote. Kesho atafagia uani.

Jumanne, 8 Mei
Hafagii. Makombe mawili leo. Moto ule ule.

Jumatano, 9 Mei
Asubuhi kaniita Baba. Baba kafa mwaka wa nzige.

Muhiba kanikabili mbele ya majirani — Mjomba, ukimuua mama kwa ubishi wako sikusamehe. Mtoto niliyemlea mimi! Nikamfukuza aende kuteka maji.

Alipotoka nikaviokota vidonge. Karatasi yake inasema vinne kwanza, viwili jioni, kisha viwili kila siku, siku mbili. Kusoma najua. Nikavisaga vinne kwa kitako cha chupa. Maji baridi yakavikataa, unga ukakaa chini kama chokaa. Nikapasha maji, nikakoroga, nikakoroga — vikaingia. Tope kidogo likabaki, nikachuja kwa kitambaa cha kilemba. Maji yale ndiyo niliyooshea maandishi.

Zafarani ikaficha rangi. Ladha haikufichika! Nikatia vijiko vitatu vya sukari, ikayeyuka yote, uchungu uko pale pale. Nilionja kwa ncha ya ulimi tu na mpaka sasa mate machungu.

Salme kakunja uso. Kaka, mbona kombe la leo chungu? Nikamwambia, hiyo ni homa inatoka. Kanywa.

Alhamisi, 10 Mei
Jasho! Shuka zimelowa. Kaomba uji, tena kaukosoa hauna ndimu.

Muhiba kalia, kashika mikono yangu — nisamehe Mjomba, sikuujua mkono wako. Hapo ndipo pa kusema. Nikasema nini mimi? Nikasema, sasa umeujua.

Akauliza vidonge viko wapi. Nikajibu nimevitupa chooni.

Ijumaa, 11 Mei
Msikitini leo watu wamenibusu mkono. Jumbe pia, aliyekuwa akinicheka kwamba naandika kama kuku aliyekanyaga wino. Maisha yangu yote nilitaka hivi. Nimerudi nyumbani sikuweza kula.

Maneno ya Mungu sina shaka nayo. Mkono ndio nina shaka nao.

Salme kamaliza viwili vya mwisho ndani ya kombe. Karatasi ya vidonge tupu.

Na sasa hivi Ruqiyo wa nyumba ya kona yuko sebuleni. Kambeba bintiye, hajatimiza miaka miwili, kalegea kama nguo mbichi, macho hayafunguki. Nikamuuliza, kliniki umempeleka? Kasema ya nini, Mzee Idarusi, na wewe upo? Niandikie lile la Salme. Lile chungu.

Salme mwenyewe ndiye aliyemtuma! Ameketi pale, anacheka, anamwambia usiogope, atakunja uso tu.

Muhiba kaosha sahani. Zafarani imeshalowa. Wote wananingoja.

Nimewaambia naingia chumbani kutafuta kalamu. Kalamu ninayo mkononi.