Kanga Tatu Chini ya Gauni

Jumapili, Shaabani 1954

Heri ningekataa pale pale chumbani, kabla hatujaenda arusini. Mama mkwe alinifunga kanga tatu kiunoni, akanivika gauni juu yake, akanizungusha kama mbuzi wa mnadani.

“Mwanangu, wakikuona ulivyo mwembamba watasema Salumu hakulishi.”

Nikamjibu, “Sawa, mama.” Eti sawa!

Mume wangu ananilisha. Kwetu Kiwangwa sote tuko hivi, na jembe tunashika kutwa.

Huko arusini wanawake wakanishikashika nyonga. “Alhamdulillahi, ndoa imekukubali!” Mama mkwe akapokea pongezi zote, mimi jasho linanitiririka mgongoni. Hata Bi Zuhura, jirani anayeniona kila siku kisimani, naye akasifu. Na anajua kabisa nilivyo!

Sinia la pilau lilipowekwa nilikula matonge mawili. La tatu halikushuka, kanga zilivyonibana tumbo.

“Kula, mwanangu, usione haya,” mama mkwe akanihimiza, kwa sauti ya kusikiwa na ukumbi mzima.

Jumamosi kuna arusi nyingine. Kanga zenyewe ameshazikunja, kaziweka juu ya sanduku langu. Sijui kama nitathubutu kukataa…

Nimerudi na njaa, ili watu waamini kwamba nashiba.