Ukija Pasaka, Usiniite Getini

New Site, Juba
12 Machi 2017

Mpendwa Shangazi Teresina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Arua, pamoja na Kenyi na Ketty, na kwamba mvua zimeanza ili karanga zako zishike vizuri. Goti la mumeo, Baba Kenyi, limepoa kidogo. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia, na sababu utaiona.

Simsim ya kusaga uliyomkabidhi dereva wa lori imefika salama. Nilimpelekea Baba Kenyi kopo kubwa, akailamba kwa kidole palepale mlangoni kama mtoto. Tulicheka sana siku hiyo.

Umesema mtakuja Pasaka, na kwamba utapitia kwanza kazini kwetu utushtukize wote wawili, mimi na Baba Kenyi. Shangazi, nakuomba usifanye hivyo. Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Wajua kazi hii niliipata kwa mumeo. Kampuni yake ndogo ilikuwa inapeleka wasafishaji na walinzi kwenye mashirika ya misaada. Shirika linamlipa yeye, yeye anakata chake, kinachobaki anatupa sisi. Baadaye shirika likanichukua mimi moja kwa moja kuwa mtunza stoo. Nikavaa kitambulisho chao shingoni nikatembea kifua mbele. Hata pumzi nilivuta kwa maringo, Mungu anisamehe.

Na mambo ya Julai iliyopita wayajua. Risasi zilipolia mjini, wageni wa shirika walipelekwa uwanja wa ndege, na sisi wenye kitambulisho tukapigiwa simu tukae ndani tumwombe Mungu. Aliyekuja hadi pale stoo ni Baba Kenyi na pikapu yake, kuwachukua watu wake awapeleke kwa ndugu zake mtaa wa Juba Na Bari. Mimi sikuwa mtu wake tena. Pikapu ilikuwa imejaa. Akashuka, akampa Duku, yule mlinzi, funguo.

"Keji, panda!" akaniambia. "Wewe iko mtoto ya nyumbani. Mimi nabaki, mimi iko na miguu."

Miguu yenyewe ndiyo waliyoivunjavunja wale waliokuja kupora stoo usiku ule. Kiti nilichokalia kilikuwa chake, na hilo halinitoki.

Sasa sikiliza. Shirika limerudi, na meneja mpya ni mgeni asiyejua nani ni nani. Mwezi wa kwanza aliniita ofisini. Alisema nimefanya kazi kwa njia zote mbili, basi nimwambie ukweli: waendelee na kampuni ya Saturnino, yaani ya Baba Kenyi, au wawaajiri watu wenyewe?

Nilimkumbuka Duku. Mwaka juzi tuliugua malaria wiki ileile, mimi na yeye. Mimi nilipelekwa hospitali kwa gari la shirika. Yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kampuni, alipakiwa kwenye bodaboda akiwa amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke. Wote tulilinda mali ileile. Nikamwambia meneja, waajirini wenyewe.

Ulikuwa ukweli, Shangazi. Ila nakuapia sijui kama niliusema kwa ajili ya Duku tu, au pia kwa sababu nilichoka kuitwa mtoto wa Saturnino. Na sikumwambia meneja kwamba ni mume wa shangazi yangu aliyenilea. Fadhila ya punda ni mateke, na safari hii punda ni mimi.

Mashirika mengine yalishaondoka kwa sababu ya vita. Letu ndilo lililokuwa limebaki mkononi mwake, nalo akalipoteza kwa neno langu. Nilienda kumwambia mwenyewe kabla watu hawajamfikishia. Akajikuna goti.

"Duku iko na watoto," akasema. "Ulisema vizuri. Kalas, imekwisha."

Ningefurahi kama angenitukana.

Kisha nafasi ya mlinzi wa geti ikatangazwa, naye akaiomba. Mwenye kampuni, Shangazi, alikaa kwenye benchi pamoja na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika tochi, kwa ajili ya karo ya Kenyi na Ketty. Mimi nilikuwa nimeitwa kuandaa sare. Shirika lina sheria: ndugu wawili hawaajiriwi pamoja. Enzi za kampuni tulikuwa nusu ya ukoo mle ndani, hakuna aliyeuliza. Meneja akamuuliza kama ana ndugu yeyote hapa. Nilikuwa nimesimama karibu naye nimeshika shati lake.

"Hapana," akajibu. "Huyu dada namjua kwa kazi tu."

Nikamkabidhi shati.

Duku na wenzake wanajua, ila hakuna anayefungua mdomo, wanamheshimu. Siku hizi kila asubuhi ananifungulia geti, anasimama wima na lile goti, anasema, "Habari ya asubuhi, madam." Nami naitikia, "Nzuri, mzee," napita. Jioni nampelekea chakula nyumbani kwake, tunakula sinia moja, na hakuna anayeligusa jambo hilo.

Aliniomba nisikuambie, asije akakupa mawazo. Lakini ukija ukatuita wote wawili pale getini, kazi yake imekwisha. Na nimeona ni afadhali unichukie ukiwa Arua kuliko umwaibishe bila kujua.

Msalimie Bibi, umwambie dawa ya kifua namtafutia. Wabusu Kenyi na Ketty. Mungu awafunike njiani kutoka huko hadi huku.

Na ukishindwa kabisa kusubiri jioni, pita getini. Ila msalimie mmoja wetu tu. Umsalimie yeye, na mimi uniache nipite.

Mimi mwanao niliyekula mkononi mwako, na ninayekupenda hata kama hutanijibu,

Keji