Mwaka Mmoja Kabla ya Wenzangu

12 Julai 1993

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kile kifua hakikusumbui tena kwa mvuke wa pasi. Mimi mzima.

Likizo hii nayo sitakuja. Chuo kinaturuhusu kusoma masomo ya mwaka ujao wakati wa likizo, nami nimejiandikisha. Mkuu wa idara anasema nikienda hivi, shahada ya miaka minne nitaimaliza kwa mitatu. Hesabu hazinisumbui. Nilianza kuhesabu kwa mashati ya watu.

Binti yako


1 Agosti 1993

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikamsomea karani wa mahakama aliyekuja kuchukua suruali zake. Akasema, "Huyo binti ana kichwa!" Nikamwambia amekirithi kwa mamaye, maana mimi dobi, kichwa changu kinajua tu nguo ipi inachuja rangi.

Kaza buti, mama. Huku hakuna kilichoharibika.

Baba yako


20 Desemba 1994

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi sijambo, ila likizo hii pia nimechukua masomo mawili.

Jana mvua ilitushtukiza hapa bwenini, wasichana wakakimbilia nguo zao kambani. Nilisimama dirishani nikicheka peke yangu. Kichwani niliwaona wewe na Mama mkigongana uani kwetu, yeye kabeba mashuka anapiga kelele, "Anua nyeupe kwanza! Nyeupe, we baba!" nawe unatoka mbio na soksi moja mkononi.

Siku hizi mvua ikija unaanua na nani?

Binti yako


15 Januari 1995

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Naanua mwenyewe. Zinazolowa si nyingi.

Kaza buti.

Baba yako


9 Juni 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimemaliza! Matokeo yamebandikwa leo, nimefaulu yote, mwaka mzima kabla ya wenzangu. Wamenibeba juu juu hadi bwalo la chakula. Nami nikaangua kilio mbele ya watu.

Baba, nikwambie kweli. Wananisifu kwa bidii, lakini haikuwa bidii yote. Tulimzika Mama mwezi wa tatu, wa tisa nikaja huku, na tangu hapo sijakanyaga nyumbani. Kila likizo ikikaribia nilikuwa naiona ile meza ya kukunjia nguo: upande wako upo wewe, upande wake hakuna mtu. Basi naenda kutafuta somo jingine. Sasa masomo yameisha, sina tena pa kujificha.

Umenikasirikia?

Binti yako


11 Agosti 1995

Baba,

Shikamoo. Mwezi wa pili huu sijapata jibu. Nafundisha kwa muda katika shule iliyo jirani na chuo. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako


28 Agosti 1995

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Mimi mzima, wala sina hasira. Nimechana barua nne kabla ya hii.

Siku ile unaondoka ulifunga kitambaa kichwani kama yeye, ukageuka pale mlangoni. Nilishindwa kukutazama. Ulipoandika kwamba huji likizo niliumia, na pia, Mungu anisamehe, nilipumua. Kila mara nilitaka kuandika "njoo", mkono ukaandika "kaza buti". Nikawa najisifu kwa wateja kuwa binti yangu hana mchezo na vitabu. Kumbe tulikuwa tunakimbia wote, wewe kwenye masomo, mimi kwenye pasi.

Jumatano nilifunga duka mchana, nikakaa upande wake wa meza. Nilikumbuka ulivyolala katikati ya rundo la taulo za hoteli, ukiwa mchanga wa miezi sita, mteja akauliza, "Na hili dogo mnalifua shilingi ngapi?" Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nami Jumatano hiyo nilicheka kwa sauti, peke yangu, kisha nikalia mpaka nikachoka.

Sitaki uje peke yako kwenye nyumba hii. Nakufuata. Nimebandika karatasi dukani kwamba dobi hayupo wiki nzima. Karani kaguna, nikamwambia avae suruali hivyo hivyo iliyokunjamana.

Nitafika Jumamosi ya tarehe tisa, basi la mchana. Unionyeshe darasa ulilosomea na kitanda ulicholalia miaka yote hii, kisha turudi wote. Nyumbani nitaingia mimi kwanza, wewe unifuate nyuma.

Baba yako